Kufanana si kupimwa: wavu uliowapeleka wanawake bungeni

Kifaa kipya cha kuwekwa ndani ya mwili wako, si lazima kwanza kijaribiwe kwa watu? Wengi tungejibu, "Ndiyo, bila shaka." Kumbe si kila mara.

Baada ya kujifungua, au umri ukisogea, misuli ya nyonga ya baadhi ya wanawake hulegea. Mkojo huvuja wakikohoa au kucheka, au kizazi na kibofu hushuka kuelekea ukeni. Miaka ya 1990 madaktari walianza kushikiza viungo hivyo kupitia ukeni kwa wavu laini wa plastiki unaobaki mwilini maisha yote.

Ulipitaje ukaguzi? Sheria ya Marekani ya 1976 ina mlango unaoitwa 510(k). Mtengenezaji akionyesha kwamba kifaa chake kinafanana vya kutosha na kingine kilichoko sokoni, mara nyingi hadaiwi majaribio kwa wagonjwa. Mwaka 1996 ukanda uitwao ProteGen ulipita hapo. Mwaka 1998 ukapita mwingine, TVT, kwa hoja kwamba unafanana na ProteGen, ingawa mmoja ulifumwa kwa poliesta na mwingine kwa polipropilini. Mwaka 1999 ProteGen ikaondolewa sokoni kwa sababu ya madhara. TVT je? Ikabaki, na nyavu nyingine zikaja kuidhinishwa kwa kufanana nayo. Yaani babu kafukuzwa, wajukuu wanaendelea kutumia jina lake.

Sasa shida ilipotokea ilikuwa ngumu kuirekebisha. Wavu umeundwa ili nyama ya mwili iote kupitia matundu yake. Umeshawahi kuona seng'enge iliyomezwa na mti? Jaribu kuitoa bila kuujeruhi mti. Kwa baadhi ya wanawake wavu ulikata ukuta wa uke, ukaleta maumivu makali, na wengi waliolalamika waliambiwa ni mambo ya umri tu.

Huko Scotland, mwaka 2014, wagonjwa wawili, Elaine Holmes na Olive McIlroy, walipeleka ombi bungeni. Hawakuomba kuhurumiwa tu. Walitaka matumizi yasitishwe, madaktari walazimike kuripoti madhara, na kuwe na daftari la kila aliyewekewa. Mwaka huohuo waziri wa afya akazitaka hospitali zisitishe.

Kwa nini daftari? Kumbuka hesabu za sehemu: huwezi kupata asilimia bila kiasi na asili. Kama hakuna aliyehesabu waliowekewa wavu, na walioumia hawaripotiwi, ile kauli ya "madhara ni nadra" imetoka wapi?

Tuwe wakweli: wapo wanawake wengi waliosaidika na wavu, na Marekani ukanda wa kuzuia mkojo bado unatumika. Lakini Uingereza ilisitisha matumizi yake mwaka 2018, na Aprili 2019 FDA ya Marekani iliamuru nyavu za kurekebisha viungo vya nyonga vilivyoshuka zinazowekwa kupitia ukeni zisiuzwe tena. Mwaka 2020 tume iliyoongozwa na Baroness Cumberlege ilithibitisha kwamba wanawake hawakusikilizwa, ikapendekeza kanzidata ya vipandikizi.

Kwa hiyo siku daktari akikwambia kifaa "kimeidhinishwa", muulize: kimepimwa kwa watu, au kimefananishwa tu? Na kikiniletea shida, nani anaandika?