Ndugu wa Tumbo Moja: Pikipiki Ndogo za Marekani

Ukitaja Harley-Davidson, wengi hufikiri lile dude zito lenye kunguruma kama simba. Hilo nawaachia wenyewe. Mimi nampenda mdogo wake, aliyetoka kiwanda kile kile cha Milwaukee kuwa toleo la 1948: injini ya sentimita za ujazo 125, gea tatu, nguvu za farasi watatu hivi.

Asili yake si Marekani, msomaji mpenzi. Ni DKW RT 125, aliyoibuni Hermann Weber huko Zschopau, Ujerumani, kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Ujerumani iliposhindwa, michoro yake ilitwaliwa kuwa fidia ya vita. Wamarekani wakaunda hiyo Harley, Waingereza BSA Bantam, Warusi Moskva; na mwaka 1955 Yamaha ya Japani ikaanza kazi kwa kuiga umbo lilo hilo. Weber mwenyewe alifariki 1948 mikononi mwa Warusi, watoto wake wakikimbia mabarabarani pa watu.

Sasa thamani. Kwanza hutazamwa nambari. Harley za kabla ya 1970 hutambulikana kwa nambari iliyogongwa kwenye injini, si kwenye fremu. Iliyopigwa tupa ni yatima asiye na cheti. Pili, uma wa mbele: za mwanzo zilitumia mipira ya kuvutika badala ya springi, hadi 1951 ulipokuja uma wa mabomba. Tatu ni jina. Wauzaji huziita zote Hummer, ilhali Hummer ya kweli ni ya 1955 hadi 1959, ile ya kimaskini isiyo na betri. Kumwita mtu Hummer na siye, ukamtoza bei ya Hummer, hiyo ni biashara gani? Sisi twajua hukumu ya mwenye kuuza akaficha ila.

Nne ni rangi, na hapa nagombana na mafundi wengi. Rangi ya kiwandani, hata iliyopauka, haipatikani tena ikishakwanguliwa. Wao huing'arisha pikipiki ya kijana muuza magazeti ikawa kama bibi arusi. Kama rangi imo, isafishe uiache.

Injini ndiyo ya kushughulikiwa. Pistoni ikiganda kwa kutu, usiipige teke wala nyundo. Toa plagi, mimina mafuta mepesi, uiache siku kadhaa. Kisha badilisha sili za krenki hata zikionekana nzima. Injini hii hupitisha petroli iliyochanganywa na oili ndani ya tumbo lake; sili iliyokauka huvuta hewa, mchanganyiko ukapungua nguvu, pistoni ikaungua.

Balaa ni hesabu. Kromu na rangi ya ndogo hazipungui sana gharama za kubwa, na bei yake sokoni ni ya chini mno. Ndiyo sababu nyingine huchanjwa kama kuni: tangi kwa huyu, taa kwa yule, na fremu isiyo nambari ikabaki haina mwenyewe.

Na anayemiliki Bantam asidhani vipuri vyake vitaingia humo. Waingereza walipoiiga DKW waliigeuza kama sura kiooni, pedali ya gea ikahamia mguu wa kulia.