Durban: Tairi huzeeka hata gari likisimama

Magari aina ya Volkswagen Beetle yaliyoundwa Uitenhage, Afrika Kusini, kati ya mwaka 1951 na 1979, bado yana wapenzi wake mjini Durban. Mengi hutembea kwa nadra, hivyo kashata za matairi haziishi, na hapo ndipo penye hatari. Sheria hudai kina cha milimita 1 tu. Lakini jua na hewa huukausha mpira hata gari likiwa limeegeshwa.

Mnunuzi na atazame ubavuni mwa tairi. Tangu mwaka 2000, tarakimu nne za mwisho hutaja wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Zikiwa tatu, tairi ni la karne iliyopita.

Upepo upimwe kila mwezi, tairi likiwa baridi. Nyufa zikionekana, kashata nzuri si kinga.