Kamusi Kwanza, Mashine ya Kutafsiri Baadaye

Watoto wetu wengi walianza shule kwa Kifaransa huko Kongo, na hapa Kenya masomo ni kwa Kiingereza. Wakubwa nao wanakihitaji, maana fomu na barua nyingi huja kwa lugha hiyo. Basi mtu anafanyaje? Anachukua simu, anaandika sentensi ya Kiswahili, mashine inatafsiri, mambo yamekwisha. Sisi walimu wa kujitolea tunasema: polepole.

Tuchukue neno "ndugu". Mashine yaweza kukupa "brother" tu. Ukifungua kamusi kwenye intaneti, utaona maana kadhaa: kaka, dada, mtu wa ukoo, hata rafiki. Wewe ndiye unayejua unamtaja nani. Binamu akiandikwa "brother" kwenye fomu ya familia, maswali yatakuwa mengi siku ya mahojiano. Vilevile "amepotea" haisemi kama ni mvulana au msichana, lakini Kiingereza hutaka "he" au "she". Mashine ikiweka "he", binti yako amegeuka mvulana kwenye maelezo!

Waliosoma Kifaransa nao wawe macho. "Demander" ni kuomba, lakini "demand" ya Kiingereza ni kudai. Ukiandika "I demand", afisa ataona umekuja kugombana.

Kamusi inataka kazi kidogo, na kazi hiyo ndiyo masomo yenyewe:

1. Tafuta neno la msingi. "Went" inatokana na "go", "children" na "child".
2. Soma maana zote pamoja na mifano, usiishie ya kwanza.
3. Sikiliza matamshi. Wiktionary ina sauti za maneno mengi ya Kiingereza.
4. Tunga sentensi yako mwenyewe kwenye daftari.

Maneno 5 tu kwa siku ni 150 kwa mwezi.

Hatusemi mashine itupwe. Google Translate ina Kiswahili tangu 2009, na inasaidia kujua barua inahusu nini. Lakini usitie sahihi kwenye maelezo yaliyotafsiriwa na mashine peke yake; omba mkalimani ayasome kwanza.

Na bando likiisha je? Kamusi ya karatasi haiombi chaji. Mwenye nayo nyumbani, hata kama imechanika jalada, aje nayo darasani tusaidiane.

Masomo mema!