Ragbi kwa mwenye kujua futboli: fainali moja inatosha kuelewa sheria

Pale Moba, kandokando ya ziwa Tanganyika, ukitaja mpira watu wanafikiri futboli. Kijana akikuta kwenye televisheni wanaume wazito wakiparamiana juu ya mpira wenye umbo la yai, kwanza anacheka. Kisha anauliza: hawa wanafuata sheria gani?

Ile inayosumbua zaidi ni hii: kwa mikono, mpira haupasiwi mbele. Mwenye mpira anakimbia nao mbele, lakini anampasia mwenzake aliye ubavuni ao nyuma. Kuurusha mbele kunaruhusiwa kwa mguu tu.

Kila timu ina watu 15, na mechi ni dakika 80. Namba 1 mpaka 8 ndio wanaosukumana katika mele. Namba 9 anautoa mpira humo, 10 anaamua uende wapi, 11 na 14 wanakimbia pembeni kabisa, 15 analinda nyuma. Wazaliwa wa Kinshasa wamefika huko: Yannick Nyanga alichezea Ufaransa ubavuni mwa mele, na Madosh Tambwe ni mtu wa mbio za pembeni.

Ukiuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, hiyo ni esei, alama 5, na unapewa mpigo wa kuongeza 2. Penalti inayopita kati ya milingoti ni 3. Kumbe unaweza kushinda bila esei! Tarehe 28 Oktoba 2023, karibu na Paris, New Zealand ilipata esei katika fainali ya Kombe la Dunia, Afrika Kusini haikupata. Lakini Handré Pollard alifunga penalti nne: 12 kwa 11.

Siku hiyo Sam Cane, kapiteni wa New Zealand, alipewa kadi nyekundu kwa kumgonga mpinzani kichwani. Vijana wanaotaka kujaribu waanzie hapo: mwenye mpira anakamatwa kwa mikono, chini ya mabega, asiye na mpira haguswi. Mele waiache mpaka wapate kocha aliyefundishwa, kwa sababu ikianguka, uzito wa watu 16 unaishia kwenye shingo za wale wa mbele. Kuna pia ragbi ya kugusana, ambayo hakuna kuangushana: mwenye mpira akiguswa anasimama. Hiyo inachezeka hata kwenye udongo mgumu.