Tungo za Wakati na Hali ya Hewa katika Tafsiri ya Kiayalandi

Hudhaniwa mara nyingi kwamba tungo za kila siku kuhusu wakati na hali ya hewa ndizo nyepesi kabisa kutafsiri. Kiayalandi, ambacho ni lugha ya jamii ya Kikelti, chatosha kuonyesha udhaifu wa dhana hiyo.

Zichukuliwe kwanza tungo za hali ya hewa. Katika Kiswahili mvua yenyewe ndiyo kiima: mvua inanyesha. Katika Kiayalandi husemwa Tá sé ag cur báistí, yaani, neno kwa neno, “yuko katika kutia mvua”. Kiwakilishi sé ni cha nafsi ya tatu umoja, jinsia ya kiume, lakini hapa hakimrejelei mtu wala kitu. Kazi yake yakaribiana na ya kiambishi ku- katika kumekucha. Tofauti ni kwamba ku- ina asili ya mahali, na sé haina.

Baridi nayo yahitaji uangalifu. Tá sé fuar ni maelezo ya hewa: “kuna baridi”. Mtu anayesikia baridi mwilini husema Tá fuacht orm, yaani “kuna baridi juu yangu”. Baridi imekuwa kiima, na mtu amewekwa nyuma ya kihusishi. Mfasiri asiyezitenga tungo hizi mbili aweza kumpa daktari habari za hewa badala ya habari za mgonjwa.

Katika saa, tatizo si sarufi bali ni hesabu. Saa tatu asubuhi haiwi a trí a chlog, ijapokuwa trí maana yake ni “tatu”. Ni a naoi a chlog ar maidin, yaani “tisa”. Kosa hili lajulikana, na wengi hujihadhari nalo.

Kosa la usiku ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Kwa desturi ya pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa. Katika hesabu ya kawaida ya Kiayalandi cha leo, usiku wa siku hiyo huufuata mchana wake. Maneno yakifuatwa yalivyo, mgeni aliyealikwa maulidi atafika majamvi yamekwisha kukunjwa. Hata hivyo, Kiayalandi chahifadhi hesabu kama ya pwani katika sikukuu: Oíche Shamhna, “usiku wa Samhain”, ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, ilhali Samhain yenyewe ni tarehe 1 Novemba. Vivyo hivyo Oíche Nollag, “usiku wa Krismasi”, ni wa tarehe 24 Desemba.

Kwa hivyo yampasa mfasiri authibitishe kwanza wakati wenyewe unaokusudiwa, ndipo atafute neno. Katika tungo hizi kamusi hutoa neno sahihi, na neno hilo sahihi laweza kumpeleka msomaji siku isiyo yake.