Namba Ilipasayo Gari la Spoti

Sheria ya magari iliyopitishwa Uingereza mwaka 1903, na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1904, iliwalazimisha wenye magari wote kuyaandikisha na kuyatia namba zisomekazo kwa mbali, nayo sababu yake kubwa ilikuwa mwendo: bunge lilikuwa limeridhia kasi ipandishwe hata maili 20 kwa saa, na dereva aliyetimua vumbi akatoweka hakuwa na namna ya kukamatwa asipokuwa na alama ya kumtambulisha. Basi kibao hicho, ambacho asili yake ni kumfichua mwenda kasi, leo hununuliwa kwa mali nyingi na wale wale wapendao mwendo. Nami siioni tamaa hiyo kuwa upuuzi, kwani mtu aliyeweka akiba miaka mingi hata akajipatia gari la spoti ana haki ya kulibandika lakabu aipendayo, maadamu ameichagua kwa tadbiri.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba namba za Uingereza zimebeba tarehe ndani yake. Zile za kale ni herufi chache na tarakimu chache zisizotaja mwaka wowote. Tangu 1963 ilianza kuongezwa mwishoni herufi moja ya kuonyesha mwaka wa kuandikishwa, mwaka 1983 herufi hiyo ikahamishiwa mwanzoni, na tangu Septemba 2001 kazi hiyo hufanywa na tarakimu mbili zikaazo katikati. Kanuni ni kwamba gari laweza kuvishwa namba ya zamani kuliko umri wake, wala haliwezi katu kuvishwa namba ya kulifanya lionekane jipya kuliko lilivyo.

Natuchukue mfano wa bibi akaaye London, jina lake Salma, mwenye Porsche 911 ya mwaka 1973. Katika utaratibu ule wa herufi kutangulia, jina lake laweza kuandikika lote, kwa kuisimamisha tarakimu 4 mahali pa A ya kwanza. Lakini herufi S iliyotangulia ilikuwa alama ya magari yaliyoandikishwa kuanzia Agosti 1998, na kwa hivyo gari lake, lililozaliwa robo karne kabla ya hapo, haliruhusiwi kuivaa namba hiyo hata angeilipia dhahabu. Hana budi kuzitafuta zile za herufi ya mwishoni zisizoupita mwaka wa gari lake, au zile zisizo na mwaka, ambazo ndizo ghali, au zile za Ireland ya Kaskazini, ambazo nazo hazitaji mwaka na aghalabu ni rahisi, ila huwa na herufi I au Z ndani yake. Kwa rai yangu sheria hapo imemfanyia hisani asiyoiomba, maana gari la kale hupendeza likivaa namba ya kale; na kwa kuwa limeundwa kabla ya 1980, aweza pia kuruhusiwa kulitia kibao cheusi chenye maandishi meupe.

Wauzaji ni wengi, lakini wakala wa serikali wa kuandikisha magari ulioko Swansea, DVLA, huziuza wenyewe tangu 1989, na zipo zianzazo kwa pauni 250. Juu kabisa ya ngazi hiyo mna bei za kustaajabisha. Namba F 1, ambayo serikali ya jimbo la Essex ilikuwa nayo tangu 1904, iliuzwa mwaka 2008 kwa pauni 440,625 ikaenda kuvishwa Bugatti Veyron; na mwaka 2014 dalali wa magari ya Ferrari aliinunua 25 O kwa zaidi ya pauni 500,000, kwa kuwa husomeka 250, nayo 250 ndiyo nasaba ya Ferrari mashuhuri kupita zote. Hii ya pili ndiyo niihusuduyo, kwa sababu haikumtaja mwenyewe bali ilililenga gari, na kila ajuaye magari huielewa papo hapo.

Huko Dubai fikira ni nyingine: kibao kina herufi ya kundi na tarakimu zisizozidi tano, na fakhari yote imo katika uchache wa tarakimu, hata P 7 ikanadiwa mwaka 2023 kwa dirhamu milioni 55, fedha zikaenda katika sadaka ya kuwalisha maskini.

Lipo kosa ambalo wengi hulitenda, nalo hunikera: kununua namba isiyosema lile walitakalo, kisha kuilazimisha kwa kusogeza nafasi au kutia skrubu nyeusi ili 11 ionekane H. Uingereza kila herufi ina kipimo chake, urefu milimita 79 na upana 50 (isipokuwa 1 na I), na mwenye kupotosha hupigwa faini hadi pauni 1,000, na namba yenyewe yaweza kunyang'anywa. Namba isiyosomeka vema kwa nafasi zake halali iachwe dukani.

Tena akumbuke mnunuzi kwamba alicholipia si milki bali ni haki ya kuionyesha, iliyoandikwa katika hati ya miaka kumi iwezayo kuhuishwa. Siku atakayoliuza gari, au kulipeleka likavunjwe, aiondoe namba kwanza kwa maandishi na kungoja idhini, kwani asipofanya hivyo itakwenda pamoja na gari kwa mwenyewe mpya. Na siku ya kuivisha awape habari watu wa bima.