Mshikaji wa kweli ni yule aliyeshika kamba yako

Kijiweni Kinyerezi, karibu kila rafiki ni mshikaji. Kwa wapanda miamba neno hilo si la utani: mshikaji ni mtu aliyeshika kamba yako, na akiiachia, umekwisha. Hapo ndipo ulipo mzizi wa urafiki wao, ambao mara nyingi hudumu hadi uzeeni.

Mlima na mwamba si kitu kimoja

Anayetoka Dar kwenda Kilimanjaro kwa njia za kawaida hutembea kwa miguu hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Safari ni ngumu, ila haihitaji kamba. Kilele jirani cha Mawenzi, mita 5,149, ni habari nyingine: miamba imesimama wima, na huko huendi bila kamba na mwenzako.

Kamba inafanyaje kazi?

Wapandaji wawili hujifunga kwenye kamba moja. Mmoja hutangulia, akichomeka vyuma kwenye nyufa za mwamba na kuipitisha kamba humo. Mwenzake hubaki chini akimwachilia kamba kidogo kidogo, tayari kuibana.

Aliyetangulia akiteleza akiwa mita 2 juu ya chuma cha mwisho, ataanguka angalau mita 4 kabla kamba haijamzuia. Muda huo yeye hana la kufanya. Kila kitu kiko mikononi mwa mwenzake.

Kilichotokea Mlima Kenya

Septemba 1970, vijana wawili kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walifika Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya chenye mita 5,199. Walipoanza kushuka, jiwe lilichomoka na Judmaier akaanguka. Mguu ukavunjika vibaya, mfupa ukatokeza nje.

Oelz hakuiachia kamba. Alimfunga jeraha mwenzake, akamwachia chakula kidogo kilichokuwepo, akashuka kutafuta msaada. Kisha akarudi juu.

Kumshusha majeruhi kulichukua takriban wiki nzima, kwenye baridi kali na hewa nyepesi. Wanachama wa klabu ya wapanda milima ya Kenya walijitosa. Rubani Jim Hastings alikufa helikopta yake ilipoanguka akiwa kwenye uokoaji huo. Baba yake Judmaier, aliyekuwa daktari, alisafiri hadi Kenya, na waokoaji kutoka mji wa Innsbruck wakapanda ndege kuja kumalizia kazi.

Judmaier alipona. Oelz naye hakuacha milima: mwaka 1978 alifika kileleni Everest.

Funzo kwa anayetaka kuanza

Ukialikwa kupanda, usikimbilie juu. Anza kwa kujifunza kumshikia mwenzako kamba, chini ya mwalimu. Kagua fundo lake, naye akague lako, kila mara, hata kama mmepanda pamoja miaka kumi. Akiita toka juu, mjibu. Kama hujasikia jibu lake, endelea kuishika kamba.

Na simu iache mfukoni. Aliyeko juu hakuoni vizuri. Anachojua ni kwamba upo.

Mtaani unaweza kuwa na washikaji mia. Kwenye mwamba unaye mmoja tu, na ndiyo maana humsahau.